Namba ya Mashine

"Wewe peke yako ndiye hukunishuku," Zuhura aliniambia uani kwa Ami Nassor, siku ya hitima ya Ami mwenyewe, huku binti yake amesimama pembeni ameshika sinia la tende. Akamgeukia binti: "Huyu ndiye Hamisi niliyekusimulia. Mtaa mzima ulinigeuka, yeye akanibebea begi mpaka Feri." Binti akainama kidogo, shikamoo baba, na mie nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayestahili kuamkiwa. Zuhura akaendelea, anacheka: "Na yule fundi wa Kariakoo aliyenisingizia nimeshamsamehe. Nilimwapiza miaka, masikini. Siku hizi hata sura yake siikumbuki." Nikasema alhamdulillahi. Sijui nilikuwa namshukuru Mungu kwa lipi. Tende niliyoichukua kwenye sinia ilinigomea mdomoni, nikaitafuna kama natafuna mpira, kwa sababu yule fundi hakumsingizia mtu. Aliyemsingizia ni mie.

Mie si mtu wa kutoka. Majirani wananijua: ukiniona barabarani basi ama nimeishiwa sukari ama kuna msiba. Hata kwenye msiba wa Ami nilijivuta, nikasubiri mpaka hitima, nikijiambia miguu inauma. Na Zuhura ndiye aliyenipachika jina la Mwali mwaka ule, maana alisema hajawahi kuona mwanamume aliyefungwa ndani kama msichana anayefundwa. "We Mwali," alikuwa akiniita mbele ya wateja, "jua limetoka, hutaki hata kulichungulia? Au somo yako hajakuruhusu?" Wateja wanacheka, na mie nacheka, maana ilikuwa kweli. Ulikuwa mwaka uliofuata ile mvua kubwa iliyong'oa madaraja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo watu wazima waliyapokea kwa kunishika bega. Wenzangu walikuwa wanatafuta kazi mjini, mie nikatafuta chumba. Nikakipata kwa Ami Nassor, nyumba ya nne kutoka kwetu, Kinondoni.

Mbele kulikuwa na duka lake la vitambaa na viungo, nyuma kulikuwa na uani, na katikati, palipokuwa stoo ya mchele, Ami alikuwa ameweka televisheni nne za kuchezea gemu na kompyuta moja. Chumba kile kilinuka iliki na vumbi la magunia mpaka siku ya mwisho. Dirisha lilikuwa na nondo na pazia la khanga kuukuu, pangaboi lilizunguka kwa kujivuta na kulalamika, na kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma cha Bi Rukia, mke wa Ami, ambacho ilibidi ukikunje kwa adabu kila asubuhi kama unamfunua bibi harusi. Bi Rukia alipika kana kwamba sote tumezaliwa naye. Jumatatu maharage ya nazi na chapati, Jumanne mchuzi wa papa, Ijumaa pilau. Zuhura alikuwa anakula miguu imekunjwa juu ya stuli, sahani mkono mmoja, mkono wa pili anaonyesha nani zamu yake imekwisha. Alikuwa kanizidi kama miaka minne. Yeye ndiye aliyeshika funguo ya kabati la CD za asili, zile ambazo ndugu zake Ami waliziteremsha kutoka Dubai. Funguo ilikaa kwenye pindo la khanga yake, fundo moja dogo, na sikuwahi kuona fundo lile limefunguliwa na mkono usio wake.

Kazi yangu ilikuwa kuchoma nakala. CD ya asili haitoki kabatini ila kuja kwangu. Mie naisoma kwenye kompyuta, nachoma nakala, wateja wanakodi au kununua nakala. Leo najua kuna sheria yenye jina kwa jambo hilo. Wakati ule wala hatukuwaza. Tulikuwa chumba kizima cha wezi, tena wezi waliosali sala zao kwa wakati, na mmoja wetu tukamfukuza kwa wizi.

Hapa inabidi nieleze jambo la kiufundi, na nitalieleza kama nilivyomweleza Zuhura, ambaye alilielewa haraka kuliko mie. CD ya gemu za siku zile ilikuwa na sehemu mbili: gemu lenyewe, na nyimbo zake. Sehemu ya gemu ina anwani kila hatua, kama mtaa wa wakubwa wenye namba za nyumba, kwa hiyo kile kisomeo cha kompyuta, tulichokiita draivu, hakiwezi kupotea. Nyimbo hazina namba hizo. Nyimbo ni uswahilini: nenda mpaka kwenye genge la mama fulani, kata kushoto, ulizia. Draivu inafika karibu, halafu inaanza kusoma nyumba kadhaa kabla ya mlango wenyewe. Sekunde moja ya wimbo imekatwa vipande elfu arobaini na nne na mia moja, na draivu inaweza kukosea kwa vipande mia kadhaa. Sie tuliuita mruko. Ni kitu kidogo, lakini ukichoma nakala hivyo hivyo, mwanzo wa wimbo unakuta mkia wa wimbo uliotangulia, inatoka sauti ndogo, tik. Ukinakili nakala, tik inakua. Uzuri wake ni kwamba draivu moja hukosea kiasi kilekile kila siku. "Kama saa," Zuhura alisema akiangalia ukutani. Mshale ulikuwa kwenye saba, sie tunasema saa moja asubuhi. "Saa haijawahi kusema ukweli nyumba hii, na hakuna aliyewahi kuchelewa sala. Unajua ni sita, unatoa sita, yamekwisha." Wallahi sijapata maelezo bora kuliko hayo, na nimesoma mengi tangu hapo.

Aliyenipa namba ya kutoa ni fundi mmoja mzee wa redio Kariakoo, aliyekuwa ameanza kutengeneza kompyuta kwa sababu redio zilikuwa zinamkimbia. Alikuja siku moja na disketi yenye mwanzo sahihi wa wimbo mmoja, wa CD ambayo nasi tulikuwa nayo. Tukausoma wimbo ule kwetu, tukalinganisha vipande, tukahesabu: mia sita na kumi na nane. Fundi akaniambia, huku anakunywa chai ya Bi Rukia kwa kisosi, "Andika. Mia sita na kumi na nane ni namba ya mashine hii. Mashine nyingine, namba nyingine. Usije ukachanganya." Nikaandika kwenye jalada la kaunta buku yangu kwa kalamu nyekundu, nikapigia mstari: NAMBA YA MASHINE 618.

Sasa, mtu aliyekulia kwenye redio, kwake kila kinachozunguka ni mashine. Alikuwa anaizungumzia draivu. Kwangu mie, na kwa kila kijana wa Dar wakati ule, mashine ni kompyuta. Kompyuta nzima, boksi lile la rangi ya maziwa yaliyoganda. Neno moja, watu wawili, vikombe viwili vya chai. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko nilivyofikiria majina ya wanangu.

Baada ya hapo nikawa mtu mkubwa. Kila CD ya asili iliyoingia niliisoma, nikatoa mia sita na kumi na nane, na programu ikanipa jumla ya kila wimbo, tarakimu nane nane, ambazo niliziandika kwenye kaunta buku. Nakala ikitoka, naisoma tena; tarakimu zikilingana, nakala ni pacha wa mama yake. Zuhura hakuhitaji tarakimu. Alikuwa anaweka nakala kwenye televisheni ya pembeni, anageuza sikio, anatafuna embe bichi na chumvi, kisha anasema "safi" au "ina mchanga." Tulishindana siku nzima, sikio na kaunta buku, na kwa miezi mingi hatukupishana hata mara moja. Niliona uchungu kidogo. Mtu ambaye hajui tofauti ya disketi na kaseti anafika penye jibu langu huku anakula embe.

Mwezi wa saba umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, stabilaiza ikalia, draivu ikafa. Ami akaenda Kariakoo akarudi na nyingine, rangi ileile, mlango uleule, nikaifunga mwenyewe kwa bisibisi ya kukopa. Mashine ilikuwa ileile, boksi lilelile. Namba nikaiacha palepale, na kulinganisha tarakimu za nakala nilikuwa nimeshaacha, maana hazikuwahi kukosea.

Wiki ya pili Zuhura akaweka nakala mpya kwenye televisheni, akageuza sikio. "Hii ina mchanga, Mwali."

"Haina."

"Sikiliza mwanzo wa wimbo wa tatu. Tik. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Namba ni ileile."

"Basi namba imezeeka," akasema, na vijana waliokuwa wanasubiri zamu wakacheka, na mie badala ya kuinuka nikapime upya, kazi ya nusu saa, nikakasirika. Nikavaa hedifoni. Hilo ndilo nililofanya: mtu kanieleza ukweli kwa jina la utani, nikaziba masikio. Baadaye wateja wakaanza kurudisha nakala. "Ami, CD zako siku hizi zinakohoa." Ami akaniita dukani, akafunga nusu ya mlango. Alikuwa mtu mpole, kofia yake ya kiua haikupata kukaa upande, na hofu yake kubwa duniani ilikuwa kuambiwa anauza kitu kibovu. "Mwanangu Hamisi, tazama hizi za asili tatu ambazo nakala zake zinalalamikiwa. Nieleze kuna nini."

Nikazitazama. Zuhura mwenyewe alizitoa kabatini, akafungua fundo la khanga, akanipa mkononi. Nikazisoma zote tatu. Sehemu ya gemu ikalingana na kaunta buku tarakimu kwa tarakimu. Nyimbo zote zikakataa. Na mie, fundi mkubwa, nikakumbuka jambo nililolisikia Kariakoo: kwamba kuna CD feki kutoka Mashariki ya Mbali, zinang'aa fedha kama za asili huwezi kuzitofautisha kwa macho, gemu wamelinakili vizuri lakini nyimbo wamezinakili ovyo. Kila kitu kikakaa mahali pake, na utamu wa kitu kukaa mahali pake ni hatari kubwa kwa mtu mwenye akili ndogo. Kulikuwa na CD thelathini na kitu kabatini. Ningesoma ya nne. Ningesoma ile ambayo haikuwahi kukodishwa tangu ifike. Sikusoma. Nilikuwa tayari na jibu, na jibu lilikuwa linanipendeza.

"Ami," nikasema, "hizi si zile. Zimebadilishwa. Mtu kachukua za asili, kaweka feki."

Akanitazama. Sote wawili tulijua funguo iko kwenye pindo la nani. Na sote tulijua kuna mwenye duka la gemu Temeke ambaye alikuwa amemtaka Zuhura ahamie kwake, akakataa. "Una hakika?"

"Tarakimu hazina chuki na mtu, Ami." Nilisema hivyo, kwa mdomo huu. Kisha nikaongeza, na hili ndilo ninaloshindwa kulisamehe zaidi ya kosa lenyewe: "Lakini tafadhali, usinitaje."

"Jina lako sitolitaja," akasema. Na hakulitaja. Aliishi miaka ishirini na zaidi baada ya siku hiyo, na ahadi yake kwangu hakuivunja hata kwa mkewe.

Alimwita Zuhura kesho yake baada ya chakula cha mchana. Mie nilikuwa nyuma ya pazia, hedifoni masikioni, hazina sauti yoyote. Mezani kwangu sahani ya mchuzi wa papa ilikuwa imepoa na kufanya utando. Nilisikia kila neno.

"Zuhura, mwanangu, kama ulikuwa na shida ungeniambia."

"Shida gani, Ami?"

"CD tatu. Zimebadilishwa."

Sauti ya Zuhura ikapanda kidogo tu: "Na funguo ninayo mie. Kwa hiyo ni mie."

"Sijasema."

"Umesema, Ami. Umesema kwa adabu, lakini umesema."

"Nitasoma Halbadiri, laana yake impate aliyeiba," Ami akasema, ingawa hakuwa mtu wa vitisho.

"Isome. Isome leo, mbele ya msikiti mzima, na mie nitaitikia amina kuliko wote."

Bi Rukia akaingia kutoka uani, nilisikia ndara zake. "Nassor, Halbadiri haichezewi. Unaweza ukaisomea jirani ikaingia chumbani mwako." Mie nyuma ya pazia nikashika meza. Sikuwa najua bado kwamba nina kosa, naapa.

"Haina haja," Ami akasema. "Nimeshahakikishiwa na mwenye kujua."

"Nani?"

"Mwenye kujua."

"Yule fundi wako wa Kariakoo aliyewahi kuja hapa? Yule anayekunywa chai kwa kisosi? Ndiye anayenijua mie?"

Ami hakujibu, na kutojibu kwake kukawa jibu. Zuhura akafungua fundo, nilisikia funguo inalala juu ya kioo cha duka, akatoka kwa mlango wa mbele, mlango wa wateja, ambao sie wa ndani hatukuutumia. Sahani yake Bi Rukia aliikuta kwenye stuli, nusu imeliwa.

Mtaa ulipata habari kabla ya alasiri. Wanawake bombani walianza kukumbatia mikoba yao alipopita, kwa mzaha, ule mzaha wa Kinondoni ambao ukiukasirikia umekubali kosa. Vijana walitikisa funguo. "Sista, kabati langu halifungi, njoo ulilinde!" Alitafuta kazi katika maduka matatu, mote wakamwambia nafasi imejaa jana. Mie nilipandishwa cheo. Nikapewa funguo. Sikuwa na khanga ya kuifunga, nikaitia mfukoni, na hata usiponiuliza nitakuambia ilikuwa nzito.

Wiki ya tano tangu Zuhura aondoke zikafika CD mpya kutoka Dubai, za gemu zilezile, kuziba pengo la zile tatu, bado zimo kwenye nailoni. Ami akaniletea pamoja na chai. "Hizi fungua mwenyewe. Na zile feki zivunje, sitaki kuziona nyumbani mwangu." Nikachana nailoni kwa meno. Nikaisoma ya kwanza, nikisubiri tarakimu za kaunta buku kama mtu anayesubiri kupongezwa. Hazikuwa zile. Nikasoma tena. Nikaisoma ya pili, ya tatu. Kisha nikachukua karatasi niliyoandikia tarakimu za zile "feki," nikaziweka sambamba. Zilikuwa zilezile. CD iliyotoka kwenye nailoni mbele ya macho yangu na CD ambayo Zuhura alifukuzwa kwa ajili yake zilikuwa zinasema kitu kimoja, herufi kwa herufi. Kilichokuwa kimebadilika ni kitu kimoja tu chumbani mle, nacho nilikifunga mwenyewe kwa bisibisi ya kukopa.

Nikaitafuta disketi ya fundi. Nikapima: mia moja na mbili. Nikapunguza kutoka mia sita na kumi na nane, ikabaki mia tano na kumi na sita, na kila wimbo wa kila CD niliyoijaribu mchana ule, zote thelathini na kitu, ulikuwa umesogea kwa vipande mia tano na kumi na sita kamili. Feki zingekosea kila moja kivyake. Hizi zilikosea kwa pamoja, kama safu ya sala. Nikakaa. Chai ikapoa. Kutoka kitini kwangu mpaka kwa Ami dukani ni hatua tisa, nimezihesabu baadaye. Kulikuwa na sentensi moja ya kusema: Ami, Zuhura hakuiba, ni mie sikupima. Maneno machache hivyo. Niliyapanga, nikayapangua, nikafikiria atakavyonitazama, nikafikiria vijana watakavyocheka, fundi gani huyo, nikafikiria funguo. Kisha nikainuka. Nikazichukua zile CD tatu, nikatoka nazo uani, nikazivunja juu ya goti moja baada ya nyingine, kama nilivyoagizwa. Nilikuwa najua. Vipande vilikuwa vinang'aa kwenye majivu ya Bi Rukia. Kisha nikarudi ndani, nikaandika mia moja na mbili.

Nakala zikawa safi. Mteja hata mmoja hakulalamika tena. Na Ami, ambaye hakuwa na ubaya, alisimama mlangoni mwa chumba changu akiwa na kikombe, akatikisa kichwa kwa huzuni: "Umeona, mwanangu? Tangu yule aondoke, kila kitu kimenyooka. Nilikuwa namwombea iwe si yeye." Kwa hiyo hata nilipolisahihisha kosa langu, nilimchongea kwa mara ya pili. Kwa miaka mingi nilikuwa najiambia nilinyamaza kwa woga. Woga ungeisha baada ya wiki. Niliona aibu kuonekana mjinga, nikaona heri niwe mwovu, maana uovu hauonekani.

Mwezi wa kumi Zuhura akaamua kwenda Kimbiji kwa shangazi yake. Nikasikia kwa Bi Rukia, nikaenda kumbebea begi. Usiniulize kwa nini. Labda nilitaka kumwambia, labda nilitaka kuhakikisha anaondoka; nimejaribu kuwa mkweli juu ya hili na sifiki mwisho. Tulipofika Feri, pantoni lilikuwa linashusha watu, harufu ya dagaa na dizeli. Akanitazama. "Mwali umetoka nje leo. Dunia imekwisha." Akacheka, halafu kicheko kikamkatikia. "Hamisi, niambie kweli. Na wewe unaamini niliiba?"

"Siamini," nikasema.

Hakuna neno la kweli zaidi nililowahi kusema, na hakuna uongo mkubwa kuliko huo. Nilikuwa siamini kwa sababu nilikuwa najua. Yeye akasikia urafiki. Akafunika uso kwa khanga, akalia mbele ya abiria, akasema "Angalau wewe," akapanda. Mie nikarudi Kinondoni nikakuta Bi Rukia kaniwekea pilau, nikala. Nikamaliza sahani.

Nikakaa kwa Ami mwaka mwingine na nusu, mpaka gemu zikahamia kwingine. Kila Iddi nilikwenda kumwamkia, hata baada ya mie kuota mvi, na kila Iddi nilikuwa na sentensi yangu mdomoni. Mara moja nilikaribia. Alikuwa ameanza kuumwa, yuko kitandani, akaniuliza ghafla, "Yule binti Zuhura, unapata habari zake?" Nikasema nasikia anaendelea vizuri, ana duka Kimbiji. "Duka?" akasema. "Alhamdulillahi. Mungu humsitiri mja wake." Akageukia ukutani. Nikamwuliza kama anataka maji.

Sasa, siku ya hitima. Binti alikuwa amekwenda na sinia lake kwa wageni wengine. Zuhura alikaa kwenye ukingo wa karo, anapangusa mikono, anakaribia hamsini, mnene kidogo, sauti ileile. Nilimwuliza kilichomleta nyumba hii baada ya yote. "Bi Rukia alinipigia," akasema. "Msiba hauna kinyongo. Halafu, Ami hakuwa mtu mbaya. Alidanganywa tu." Nikasema, "Zuhura, fundi hakusema chochote. Ni mie."

Nikamweleza. Nilianza na draivu, kama mwoga, nikazunguka, nikarudi, lakini nilieleza yote: neno la fundi, namba, ya nne ambayo sikuisoma, pazia, nailoni, goti. Hakunikatiza. Kule barazani wanaume walikuwa wamefika kwenye dua, na kila waliposema amina sauti ilipita juu ya vichwa vyetu. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata nilikuwa nayatamani, maana ukitukanwa unakuwa umelipa kitu. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Ulikuwa unajua," akasema hatimaye, "siku ile Feri."

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza mwanzo wa wimbo. Kisha akauliza swali moja tu, na hakuliuliza kwa hasira.

"Ami alijua? Kabla hajafa, ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Kwa hiyo kafa anajua mie mwizi."

Dua ikaisha, watu wakaanza kunawa, na mtu ndani akaita kwamba sufuria la pili limeiva na hakuna wa kupakua. Zuhura akainuka, akajifunga khanga yake vizuri kiunoni, akanipita bila kunigusa, akaingia jikoni kwa Ami Nassor kuwapakulia watu wake.